Pampu Iliyochelewa Saa Tatu: Jinsi ya Kutafuta Kosa katika Programu ya Kuendesha Nyumba

Mji wa Singida umejengwa katika nyanda za juu za katikati ya Tanzania, mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, kati ya mawe makubwa ya itale na maziwa mawili, Singidani na Kindai. Maji ya maziwa hayo ni ya chumvi, na mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua na upepo. Kwa sababu hiyo kaya yenye uwezo huweka tangi la kuhifadhia maji, na kila ndoo inayomwagika bure ni hasara.

Ichukuliwe mfano wa nyumba moja katika mji huo. Maji ya bomba hujaza tangi la chini wakati wa usiku. Asubuhi pampu ya umeme huyapandisha hadi tangi la pili lililowekwa juu ya mnara mfupi, na kutoka huko hushuka jikoni na bafuni kwa uzito wake yenyewe. Mwenye nyumba, ambaye ni mwalimu wa fizikia, amechoka kuamka alfajiri ili kuwasha pampu. Isitoshe, mara mbili ameisahau ikizunguka huku tangi la chini likiwa tupu, jambo ambalo laweza kuiunguza. Hivyo yeye na wanafunzi wake wawili wanaazimia kuikabidhi kazi hiyo kompyuta ndogo inayotumia mfumo wa Linux. Wanaweka programu, wanaiagiza iwashe pampu saa 12 asubuhi, kisha wanakwenda kulala.

Saa 12 inafika, pampu kimya. Saa 1 inafika, bado kimya. Watu wa nyumbani wanachota maji kwa ndoo kutoka tangi la chini kama walivyozoea. Saa 3 kamili, wote wakiwa wamekwisha kuondoka, pampu inaanza kunguruma yenyewe.

Kosa liko wapi? Mwanafunzi wa kwanza anailaumu pampu. Wa pili anailaumu swichi. Jirani aliyepita anashauri programu nzima ifutwe na kuwekwa upya. Kila mmoja anabahatisha, na hakuna aliyepima. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba kutafuta kosa katika mtambo ni kazi ya kisayansi sawa na nyingine zote: huanza kwa kutazama, hufuatiwa na dhana, na dhana hujaribiwa moja baada ya moja hadi ukweli ubaki peke yake.

Programu ya kuendesha nyumba ni nini?

Programu ya kuendesha nyumba hukusanya habari kutoka vihisi mbalimbali, kama vile vya kina cha maji, joto au mwanga. Huzilinganisha habari hizo na kanuni zilizoandikwa na mwenye nyumba, kisha hutoa amri kwa swichi za taa, feni au pampu. Kanuni yenyewe yaweza kuwa hivi: ikiwa ni saa 12 asubuhi, na tangi la chini lina maji, na tangi la juu halijajaa, pampu iwashwe.

Mojawapo ya programu mashuhuri za namna hii ni Home Assistant, iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013. Nyingine ni openHAB na Domoticz. Zote ni programu huria, yaani huchukuliwa bila malipo, na yeyote aweza kusoma jinsi zilivyotungwa ndani. Linux nao ni mfumo huria. Ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Hapa Tanzania programu huria zina historia yake: mradi wa Kilinux, uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa mwaka 2004 programu za kazi za ofisi kwa lugha ya Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice.

Faida kubwa ya mpango huu kwa nyumba ya Singida ni kwamba programu hukaa ndani ya nyumba. Ikiisha kuwekwa, huendelea kuiendesha pampu hata kama intaneti imekatika au kifurushi cha simu kimekwisha. Intaneti huhitajika zaidi siku ya kuiweka, na siku hiyo ndiyo yenye matatizo mengi.

Mnyororo wa kazi

Kabla ya kuuliza kosa liko wapi, hapana budi kuelewa kazi inapita wapi. Katika nyumba ya mfano amri ya kuwasha pampu hupita katika pete nane:

1. Umeme unaoilisha kompyuta.
2. Mfumo wa Linux.
3. Programu ya kuendesha nyumba.
4. Kanuni iliyoandikwa na mwenye nyumba.
5. Kijiti cha redio kilichochomekwa katika tundu la USB.
6. Mawimbi ya redio kutoka kijiti hadi kwenye swichi.
7. Swichi inayoendeshwa kwa umeme mdogo, yaani rilei, pamoja na kontakta yake.
8. Pampu.

Pete moja ikikatika, pampu haizunguki, na mtu aliyesimama kando ya tangi hawezi kujua ni ipi. Dalili ni moja, lakini sababu zaweza kuwa nane. Mtu anayebahatisha huenda akabadilisha pampu nzima, kwa gharama kubwa, kumbe kijiti cha redio hakikuchomekwa vizuri.

Njia iliyo fupi ni kuukata mnyororo katikati. Kwanza huulizwa: je, amri imefika mwisho wa pete ya nne? Ikiwa imefika, pete nne za mwanzo ni nzima, na kosa limo katika nne za mwisho. Ikiwa haikufika, kosa limo katika nne za mwanzo. Kisha zile nne zinazoshukiwa hukatwa tena katikati zikabaki mbili, na mbili zikabaki moja. Kwa hiyo mnyororo wa pete nane ambamo pete moja tu ni mbovu huhitaji majaribio matatu tu, kwa kuwa 2 × 2 × 2 = 8. Mnyororo wa pete 16 huhitaji majaribio manne, na wa pete 1,024 huhitaji kumi.

Kanuni ya pili ni kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mtu akibadilisha chaja, waya na mipangilio ya programu kwa pamoja, na mtambo ukaanza kufanya kazi, hatajua ni kipi kilichoponya. Kosa likirudi mwezi ujao, ataanza tena tangu mwanzo.

Kanuni ya tatu ni kusoma kile ambacho mtambo wenyewe unasema. Linux huandika kila tukio kubwa katika kumbukumbu zake. Amri ya journalctl huonyesha matukio ya mfumo na huduma zake, na amri ya dmesg huonyesha mambo yaliyotokea kati ya mfumo na vifaa vilivyochomekwa. Wanafunzi wengi huona maandishi mengi wakayafunga upesi. Aghalabu sababu huwa imeandikwa humo waziwazi, na mara nyingi mstari wa kwanza wenye kosa ndio wenye maana, kwani unaofuata huwa ni matokeo yake tu.

Kizuizi cha kwanza: kompyuta na maelekezo yaliyozeeka

Kabla ya kufikia asubuhi ile ya pampu, mwalimu na wanafunzi wake walikwisha kukutana na vizuizi vinne. Kila kimoja ni cha kawaida na chafaa kuelezwa.

Walianza na kompyuta ya mezani ya zamani. Programu ilikataa kabisa kuwekwa. Waliandika amri ya uname -m, ambayo huuliza aina ya kompyuta, nayo ikajibu i686. Maana yake ni kwamba mfumo ulikuwa wa biti 32. Kompyuta ya mezani yenye mfumo wa biti 64 hujibu x86_64, na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye mfumo wa biti 64 hujibu aarch64. Mwezi Mei 2025 wasimamizi wa Home Assistant walitangaza kwamba mifumo ya biti 32 ingeacha kuhudumiwa baada ya miezi sita. Wakati huohuo walitangaza kuacha kuhudumia njia mbili za kuiweka programu hiyo, ikiwamo ile ya kuiweka moja kwa moja juu ya lugha ya Python.

Fundisho lake ni hili: maelekezo nayo huzeeka. Maelezo yaliyoandikwa mwaka 2020 yaweza kuwa yalikuwa sahihi mwaka huo, na leo yakampoteza anayeyafuata neno kwa neno. Kabla ya kuyafuata, msomaji atazame kwanza tarehe yake.

Kizuizi cha pili: saa iliyorudi nyuma

Walihamia kwenye Raspberry Pi 4. Kompyuta hizi ndogo, zenye ukubwa wa pakiti ya sigara, zilianza kuuzwa mwaka 2012 na hutoka Uingereza. Hutumia umeme wa volti 5, na aina ya 4 huhitaji chaja iwezayo kutoa ampea 3. Chaja hafifu ya simu huiwasha, lakini kazi ikizidi volti hushuka. Zikishuka chini ya volti 4.63 hivi, kompyuta huandika onyo katika kumbukumbu zake, na yaweza kujizima ghafla hata kuharibu kadi yenye mfumo wote. Pete ya kwanza ya mnyororo hudharauliwa mara nyingi kwa sababu taa ndogo ya kompyuta inawaka.

Raspberry Pi hiyo ilikuwa imekaa kabatini tangu Juni, nao wakaiwasha Novemba. Walipojaribu kupakua programu, kila anuani ilikataa. Ujumbe ulisema kwamba hati ya utambulisho ya seva haijaanza kutumika. Wanafunzi walidhani kwamba mtandao ni mbovu, lakini simu zilizotumia mtandao uleule zilifungua kurasa bila shida. Hilo pekee lilitosha kuwaonyesha kwamba kosa limo ndani ya kompyuta yenyewe.

Sababu ilikuwa saa. Kompyuta nyingi za mezani zina betri ndogo inayoiendesha saa hata umeme ukikatika. Raspberry Pi hadi aina ya 4 hazina saa hiyo, na aina ya 5 iliyotoka mwaka 2023 inayo, ila betri yake hununuliwa peke yake. Umeme ukikatika, saa husimama. Umeme ukirudi, kompyuta huendelea kuhesabu kutoka wakati wa mwisho iliouhifadhi, hadi itakapoiuliza intaneti wakati halisi. Mtandao waliotumia ulikuwa umezuia huduma hiyo ya kulinganisha saa, kama inavyotokea katika baadhi ya mitandao ya shule na ofisi. Kwa hiyo kompyuta iliamini kuwa bado ni Juni. Hati iliyotolewa Septemba ilionekana kwake kuwa ni hati ya wakati ujao, naye mlinzi mwaminifu hukataa hati kama hiyo.

Amri ya timedatectl ilionyesha tarehe isiyo sahihi. Waliirekebisha kwa mkono, na upakuaji ukaendelea bila kubadilishwa jambo lingine lolote.

Kizuizi cha tatu: lango lililofungwa

Programu iliwekwa ndani ya kontena, yaani chumba maalumu ndani ya kompyuta ambamo programu hukaa na vifaa vyake vyote bila kugongana na nyingine. Home Assistant huongea na watumiaji kupitia lango namba 8123. Kila huduma ya mtandao ina lango lake lenye namba, kama vyumba vya hoteli moja vilivyo na anuani moja ya mtaa lakini namba tofauti mlangoni.

Katika Raspberry Pi yenyewe ukurasa wa programu ulifunguka. Katika simu ya mwalimu haukufunguka. Hapa mnyororo ulijikata wenyewe katikati: programu inafanya kazi, na rauta ya nyumbani inaunganisha vifaa vingine vizuri, hivyo kizuizi kiko kati ya programu na mtandao wa nyumba. Walikuta programu ya ulinzi iitwayo ufw imewashwa, nayo hufunga malango yote yasiyoruhusiwa. Waliruhusu lango 8123 peke yake, na ukurasa ukafunguka katika simu.

Wapo wanaoshauri ulinzi huo uzimwe kabisa. Ushauri huo si mwema. Anayeuondoa mlango mzima kwa sababu amepoteza ufunguo wa chumba kimoja huwa ameongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Kizuizi cha nne: kifaa kilichonyakuliwa

Kijiti cha redio kilipochomekwa, kilipaswa kuonekana katika Linux kwa jina la /dev/ttyUSB0. Hakikuonekana. Walikibadilisha tundu, hakikuonekana. Walikijaribu katika kompyuta nyingine, kikaonekana mara moja. Basi kijiti ni kizima.

Walisoma dmesg, nayo ikasimulia kisa chote kwa mistari michache. Mfumo ulikitambua kijiti na kukipa jina. Mara baada ya hapo programu nyingine iitwayo brltty ilikichukua, na jina lile likafutwa. Programu ya brltty ni ya manufaa makubwa: huviendesha vifaa vya nukta nundu ambavyo kwavyo wasioona husoma maandishi ya kompyuta. Baadhi ya vifaa hivyo hutumia kichipu kilekile cha kuunganisha USB kinachotumika katika vijiti vingi vya redio vya bei nafuu. Katika toleo la Ubuntu 22.04, ambalo ndilo walilotumia, brltty ilikiona kijiti ikadhani ni kifaa cha nukta nundu. Kwa kuwa hakuna mtumiaji wa kifaa hicho nyumbani humo, waliiondoa brltty, na kijiti kikarudi. Mahali palipo na mwanafunzi asiyeona, dawa ni kubadilisha kanuni ya utambuzi tu, si kuiondoa programu anayoihitaji.

Hata hivyo programu ilikataa tena kukitumia, safari hii kwa kukosa ruhusa. Katika Linux kila kifaa kina mwenyewe na kundi lake. Vifaa vya namna hii huwa chini ya kundi liitwalo dialout, na mtumiaji au programu isiyo ya kundi hilo hunyimwa. Kuongezwa katika kundi na kuanza kikao upya kulitosha. Hayo yalikuwa makosa mawili katika pete moja, nayo yalidhihirika kwa sababu yalishughulikiwa moja moja.

Siri ya saa tatu

Sasa yafaa kurudi kwenye asubuhi ile. Mwalimu aliwauliza wanafunzi wake swali moja: pampu ilichelewa kwa muda gani? Walijibu kwamba ilichelewa saa tatu. Akawauliza tena: ni saa tatu kasorobo, au saa tatu na robo? Kumbukumbu za programu zilionyesha kwamba amri ilitoka saa 3 kamili, bila dakika kuzidi wala kupungua.

Jibu hilo liliondoa pete nyingi kwa mara moja. Pampu mbovu haichelewi kwa saa kamili. Mawimbi hafifu ya redio hayachelewi kwa saa kamili. Waya uliolegea hauna saa. Amri ilipotoka, kila kitu kuanzia pete ya tano hadi ya nane kilifuata bila kusita, kwa hiyo kosa lilikuwa kabla ya hapo. Zaidi ya hayo, kosa lenye kipimo kamili huashiria asili moja iliyo kamili. Wakati wa Afrika Mashariki uko mbele ya wakati wa ulimwengu, ule uitwao UTC, kwa saa 3 barabara.

Linux huhesabu wakati wa UTC kwa ndani, na wakati wa mahali ni tafsiri tu iongezwayo juu yake. Amri ya timedatectl ilionyesha kwamba Linux imewekwa katika eneo la Africa/Dar_es_Salaam, jambo lililo sahihi. Lakini Home Assistant ina mpangilio wake yenyewe wa eneo la saa, na mpangilio huo ulikuwa umebaki UTC. Ilipoagizwa kuwasha pampu saa 06:00, ilingoja saa 06:00 ya UTC, ambayo kwa Singida ni saa 09:00, yaani saa 3 asubuhi. Programu ilitii kama ilivyoagizwa. Kosa lilikuwa katika pete ya nne, nayo ilirekebishwa kwa kubadilisha neno moja.

Yapo makosa mawili mengine yanayofanana na hilo, na kwa wasomaji wa Kiswahili ni muhimu. La kwanza ni la hesabu ya saa. Waswahili huhesabu saa kuanzia macheo, kompyuta huhesabu kuanzia usiku wa manane. Anayetaka taa izimwe saa 1 asubuhi, akaandika 01:00, ataizima saa 7 usiku. Saa za mchana huongezwa 6, hivyo saa 1 asubuhi ni 07:00. Saa za usiku, kuanzia saa 1 hadi saa 5, huongezwa 18, hivyo saa 2 usiku ni 20:00. Kosa la aina hii huwa la saa 6 kamili au mafungu yake.

La pili ni la mahali. Baada ya pampu kutengemaa, mwalimu aliandika kanuni ya kuwasha taa ya uani jua linapotua. Taa ikawaka mapema kwa dakika 18 hivi, wakati uani kungali na mwanga. Programu ilikuwa imedhani kwamba nyumba iko Dar es Salaam. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja kwa dakika 4. Dar es Salaam iko karibu na nyuzi 39.3 mashariki, na Singida karibu na nyuzi 34.75. Tofauti ni nyuzi 4.5 hivi, sawa na dakika 18, ingawa majira ya mwaka huongeza au kupunguza dakika chache. Walipoandika latitudo na longitudo ya Singida, taa ilifuata jua la Singida.

Programu isiwe mlinzi pekee

Lipo jambo moja ambalo programu hairuhusiwi kubeba peke yake, nalo ni usalama. Kompyuta yaweza kuganda wakati pampu inazunguka. Kadi ya kumbukumbu yaweza kuharibika. Kwa hiyo swichi ya boya katika tangi la juu, inayokata umeme maji yakifika ukingoni, na nyingine katika tangi la chini, inayokata umeme maji yakiisha, zibaki mahali pake na ziwe na uwezo wa kuizima pampu bila kuiuliza kompyuta. Programu iwe msaidizi juu ya ulinzi huo, isiwe badala yake.

Hali kadhalika umeme wa nyumbani ni wa volti 230, nao huua. Wanafunzi waweza kufanya majaribio yao kwa taa ndogo ya volti 5. Kazi ya kuunga pampu ifanywe na fundi umeme mwenye leseni. Pampu inapoanza huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko inapozunguka kwa kawaida, na rilei ndogo ikiachwa peke yake yaweza kuungua au kugandamana ikiwa imewasha. Ndiyo sababu ya kuweka kontakta kati ya rilei na pampu.

Mazoezi ya darasani

1. Wanafunzi wanane wasimame mstari mmoja, kila mmoja akiwakilisha pete ya mnyororo. Mwalimu amnong'oneze mmoja wao kwa siri asipitishe ujumbe. Mwanafunzi wa tisa amtafute kwa kuuliza mara tatu tu, kila mara akichagua mahali pa kupima. Kisha darasa lieleze kwa nini kuanza kupima kutoka mwanzo wa mstari kwaweza kuhitaji majaribio saba.

2. Zigeuzwe saa hizi ziwe za kompyuta: saa 12 na nusu asubuhi, saa 10 jioni, saa 3 usiku. Majibu ni 06:30, 16:00 na 21:00.

3. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambayo hupita nje ya mipaka ya Tanzania, upande wa bahari. Darasa lipige hesabu ya dakika ambazo jua la Singida, kwa wastani, huchelewa kufika utosini baada ya saa 6 mchana ya saa ya ukutani. Jibu ni dakika 41. Lipige pia hesabu ya Kigoma, iliyo karibu na nyuzi 29.6 mashariki. Jibu ni dakika 61 au 62.

4. Kila kikundi kiwe na daftari la makosa. Ukurasa mmoja ugawanywe safu nne: dalili iliyoonekana, dhana, jaribio lililofanywa, na matokeo. Dhana iliyokataliwa isifutwe, bali ipigwe mstari mmoja ili iendelee kusomeka. Katika nyumba ile ya Singida daftari la namna hiyo lilining'inizwa karibu na swichi ya pampu, ili siku maji yatakapokosekana tena, yeyote aliye nyumbani ajue pa kuanzia.